Visikilizio, Vizuia Kelele na Shimesikio: Vyombo Vitatu vya Sikio Katika Nyumba Moja

Kuna chombo chenye upinde wa kuvaliwa kichwani na vikombe viwili vya kufunika masikio. Mchimbaji wa dhahabu hukivaa kazini ili asisikie. Baba yake mzee hukivaa nyumbani, mbele ya runinga, ili asikie. Kwa macho tofauti ni ndogo, na katika mazungumzo ya kila siku vyote viwili huitwa 'hedifoni'. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi sauti ya nyumbani ilivyokuwa mali ya wote kabla ya kuanza kugawanywa, na kupendekeza majina yatakayomfaa mfasiri. Mfano wetu ni Masumbwe, mji wa Wilaya ya Mbogwe uliokuwa katika Mkoa wa Shinyanga hadi mwaka 2012 ulipoanzishwa Mkoa wa Geita.

Yafaa tukumbuke kwamba chombo cha kichwani kilitangulia spika ya redio. Wahudumu wa mitambo ya simu walikivaa tangu miaka ya 1880, na mwaka 1910 Mmarekani Nathaniel Baldwin alilitengenezea jeshi la majini la nchi yake. Spika ndiyo iliyoifanya sauti kuwa ya sebule nzima, na redio ilipoenea kwetu, baada ya Sauti ya Dar es Salaam kuanza mwaka 1951, ilikuja katika sura hiyo ya sauti moja kwa watu wengi. Kampeni ya 'Mtu ni Afya' ya mwaka 1973 ilijengwa juu ya jambo hilo hilo: watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, kila kikundi kikizunguka redio yake. Aliyekuwa mzito wa kusikia alisogea mbele, au akasimuliwa na jirani yake baadaye.

Televisheni ilianza Zanzibar mwaka huo huo wa 1973, lakini Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994. Nayo ilikuja na maneno yake. Sahani ya kunasia mawimbi iliitwa 'ungo' na watu wenyewe, kwa umbo lake tu, na jina likashika kwa sababu hakuna kitu kingine juu ya paa kinachofanana nao. Chombo cha kufumbua mawimbi ya dijitali kiliitwa 'king'amuzi', kutokana na kitenzi ng'amua, na wakati mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa mwishoni mwa mwaka 2012 neno hilo lilikwisha kuwa la sokoni. Ni mojawapo ya istilahi zetu zilizofanikiwa sana. Hata kibanda cha kulipia kuona mpira kilipata jina, 'banda umiza', ambalo hakuna kamati ingethubutu kulipendekeza.

Chombo cha masikioni hakikubahatika hivyo, na katika ukanda wa dhahabu upungufu huo si jambo dogo. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Kando ya migodi hiyo mikubwa wako wachimbaji wadogo, wenye kutoboa mwamba kwa mashine za upepo, kulipua baruti, na kusimama kutwa karibu na karasha inayosaga mawe. Kipimo kinachokubaliwa na wataalamu wengi ni desibeli 85 kwa saa nane. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda wa usalama hupungua kwa nusu. Vinyweleo vya sikio la ndani vikifa havioti tena.

Uziwi wa namna hii huanza na sauti nyembamba. Irabu husikika, lakini konsonanti kama f, s na sh hupotea, hata 'fika' na 'shika' zikawa neno moja. Ndiyo maana mzee hulalamika kwamba sauti iko lakini maneno hayamo. Vijana huongeza sauti. Irabu huzidi kunguruma, konsonanti hazirudi, na mvua ikianza kupiga bati hakuna anayefaidi chochote. Chombo cha masikioni huondoa umbali, mwangwi na mvua kwa pamoja, na humwezesha mmoja kuwa na kiasi chake cha sauti bila kuwaudhi wengine. Nacho kina hatari yake: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 za juma.

Sasa tutazame majina. 'Vipaza sauti vya masikioni' hayafai, kwani kipaza sauti tayari kimebeba mizigo miwili: spika iliyo juu ya mlingoti na kile anachokishika msemaji mkononi. 'Vipokea sauti' ni nafuu, lakini hueleza uhusiano wa chombo na waya, wala si uhusiano wake na mtu. Tunaona lililo bora ni 'visikilizio'. Kutokana na sikiliza tunapata sikilizia, na kutokana na sikilizia tunapata kisikilizio, kama vile kalia inavyozaa kikalio na egemea ikazaa kiegemeo. Tena kusikiliza ni tendo la hiari, na mzee huyu amekaa hapo kwa hiari yake. Chombo cha mgodini kiitwe 'vizuia kelele'. Cha tatu, kile kidogo cha kukuza sauti kinachovaliwa na mwenye usikivu hafifu popote aendapo, tayari kina jina katika elimu maalumu: 'shimesikio', ambamo msikilizaji hulisikia neno 'shime' la kuhimizana. Lienezwe tu. (Neno 'kiziwi' tuwaachie viziwi wenyewe, wanaolitumia kwa fahari katika chama chao, mzee asiyesikia vizuri si lazima abandikwe.)

Mfasiri wa maelekezo ya runinga atakutana na tatizo ambalo jina peke yake halilitatui. Katika runinga nyingi, visikilizio vikichomekwa spika hunyamaza, na hapo mzee husikia ilhali sebule nzima imenyimwa. Baadhi ya runinga zina chaguo la kutoa sauti pande zote mbili. Nyingine huhitaji kisanduku kinachounganishwa kwenye tundu la kutolea sauti, ambacho hurusha sauti hadi kwenye visikilizio bila waya. Vile vya Bluetooth huweza kuchelewesha sauti kidogo, na kuchelewa huko humsumbua hasa anayesaidiwa na kutazama midomo. Maelekezo tunayoyaona madukani aghalabu husema tu 'unganisha hedifoni' na kuishia hapo. Yaandikwe hivi: 'Ukichomeka visikilizio, spika za runinga zitanyamaza. Ukitaka wengine waendelee kusikia, fungua orodha ya sauti, uchague visikilizio pamoja na spika.' Na kwenye kasha la kifaa cha mgodini: 'Vizuia kelele. Havitoi sauti.'