Saa za Mwanafunzi wa Didia

Historia ya shule za Didia, na za Shinyanga kwa jumla, husimuliwa kwa ada: ilifutwa, ikarudi miaka ya 1980, ikafutwa tena katika shule za msingi mwaka 2001 na sekondari hadi kidato cha nne Januari 2016. Mimi naona uhaba uliobana zaidi ulikuwa wa saa. Mwaka 1965 mchumi wa Marekani, Gary Becker, alionyesha kwamba kaya huutumia muda kama inavyotumia fedha, na ukishatumika hapa haupo tena kule. Tuchukue mwanafunzi aliyebakiwa na saa nne baada ya masomo. Kuni na maji vikila mbili, hisabati na Kiingereza vitagawana mbili zilizobaki. Hawezi kukopa za kesho, na giza likiingia kila ukurasa unadai mafuta ya taa.

Machi 1967 Rais Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akataka shule ziwe na mashamba. Usukumani mtoto alikuwa tayari na shamba la nyumbani. Pamba ikishapandwa Novemba na Desemba, palizi huangukia Januari, shule zinapofunguliwa. Mavuno yakianza katikati ya mwaka, kuchuma ni mwanzo tu. Watu huketi chini kuchambua, safi huku, fifi kule, majani makavu yakitolewa kwa vidole, kwa kuwa mnunuzi hulipa kwa daraja. Hapo saa ya mtoto ilikuwa na bei ambayo mzazi aliiona kwenye mizani, wakati faida ya saa ya kusoma ilikuwa mbali, tena ya kubahatisha. Nyerere angejibu kwamba kazi nayo ni elimu, na ni kweli kwa wiki ya kwanza ya jembe. Wiki ya kumi haifundishi tena, inalima tu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba hesabu hii ya saa humtaka mtu anayechagua, na binti wa darasa la nne hakuchagua kwenda kuni. Nakubali. Lakini mpaka wa saa zake ulikuwepo vilevile, ila uliwekwa na wengine, na kwa sehemu uliwekwa na historia ya ardhi yenyewe. Serikali ya kikoloni ilifyeka misitu kupambana na mbung'o, kisha mashamba ya pamba na mifugo vikamaliza mingi ya iliyobaki, na kuni zikawa mbali. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza mwaka 1986, ulihimiza vijiji kurudisha ngitili, yale malisho ya akiba ya Wasukuma, na miti ikaota tena. Tathmini ya Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la uhifadhi la IUCN, iliyotoka 2005, ilikuta kaya zimeokoa saa kadhaa katika kutafuta kuni, maji na malisho. Si zote zilizokwenda kwenye madaftari; akina mama nao walizihitaji. Hata hivyo naihesabu ngitili katika historia ya elimu ya Shinyanga, kwa sababu ilipunguza safari ya kuni ya binti na ya malisho ya kaka yake, jambo ambalo kufutwa kwa ada hakukuligusa.