Paa Kabla ya Kabati

Alasiri ya tarehe 24 Januari 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikielekea ukingoni, jengo la Smithsonian mjini Washington, D.C. lilishika moto. Chanzo chake kilikuwa kidogo mno kulinganisha na hasara. Mafundi waliokuwa wakipanga picha ukutani waliona baridi, wakaleta jiko, wakaliingiza bomba lake la moshi katika uwazi wa ukuta wakidhani ni dohani. Haikuwa dohani. Moto ukajikusanya chini ya paa hadi ukalilipua. Ziliteketea karatasi nyingi za James Smithson, Mwingereza ambaye mali yake ndiyo iliyoianzisha taasisi hiyo mwaka 1846 ilhali yeye mwenyewe hakupata kuikanyaga Marekani. Ikateketea pia michoro mingi ya John Mix Stanley iliyowaonesha wenyeji wa asili wa bara lile.

Nalikumbusha tukio hili kwa kuwa kwetu umeota mizizi mazoea ya kudhani kwamba hazina hupotea kwa maskini na kusalimika kwa tajiri. Washington ya leo, yenye maghala makubwa ya Smithsonian huko Suitland, Maryland, ilijifunza kwa kuunguliwa.

Hata hivyo, si maghala hayo yanayonivutia zaidi. Kuanzia mwaka 1990 ulikuwapo nchini Marekani mpango wa kuyasaidia makumbusho madogo, yale ya miji midogo na vyama vya historia, ambayo aghalabu hayana mhifadhi hata mmoja wa kuajiriwa. Tangu katikati ya muongo uliopita mpango huo umeendeshwa na wakfu wa chama cha wahifadhi wa Marekani, wenye makao yake Washington, kwa fedha za taasisi ya serikali inayohudumia makumbusho na maktaba. Utaratibu wake ni mwepisi. Wataalamu wawili huizuru makumbusho kwa muda wa siku mbili: mmoja hukagua vitu, mwingine hukagua jengo. Kisha huandika ripoti inayosema lipi litangulie na lipi lingoje.

Huyo wa pili ndiye anayesahaulika kwetu. Tunapozungumzia uhifadhi tunawaza glavu nyeupe na kabati za vioo. Lakini mswada hauliwi na wakati. Huliwa na mchwa, na mchwa hupita ukutani. Wino wenye chumvi ya chuma huila karatasi yake wenyewe, na unyevu huuzidishia ukali. Kuvu huota pale hewa isipopita. Wadudu wa vitabu wanaweza kuuawa bila sumu yoyote, kwa kuvifunga vitabu katika plastiki na kuviweka kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja au mbili. Ila vikirudishwa katika chumba kilekile chenye dari inayovuja, kazi imekwenda bure.

Mfano wa Beit el-Ajaib hauhitaji kutafutwa mbali. Sayyid Barghash alilijenga mwaka 1883, likapigwa mizinga mwaka 1896 na bado likasimama. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 likafanywa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na pwani ya Waswahili. Ndani yake mlikuwa na mfano wa mtepe, chombo kinachoshonwa kwa kamba bila msumari. Dalili za uchovu zilionekana kwa miaka, sehemu zikaanguka, milango ikafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, sehemu ya mbele iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Mizinga ya Waingereza haikuliangusha jengo lile. Lililoliangusha, kwa maoni yangu, ni miaka mingi ya mvua kupita mahali palipopaswa kuzibwa mapema.

Husemwa kwamba tatizo letu ni uhaba wa wataalamu. Hoja hii siikubali nzima. Pale Ngome ya Yesu, Mombasa, vitu vilivyoopolewa kuanzia mwaka 1977 kutoka Santo António de Tanná, merikebu ya Wareno iliyozama mwaka 1697, vilitunzwa katika maabara ya hapohapo, na kukitoa chumvi chombo kilichokaa baharini karne tatu si kazi ya mwanagenzi. Tena ni Mombasa iliyopewa, mwaka 2000, kituo cha kuwafunza watu wa makumbusho wa Afrika inayotumia Kiingereza, kikiendeleza mafunzo yaliyoanzishwa na shirika la ICCROM la Roma.

Kinachokosekana ni fungu la kazi zisizopigwa picha. Mfadhili hupenda maonesho, na siku hizi hupenda kunakili kidijitali. Sidharau: miswada ya msikiti wa Riyadha, Lamu, imenakiliwa kupitia mpango wa British Library, na msomaji wa mbali ananufaika nayo. Vilevile mwaka 2018 jumba la Smithsonian la sanaa za Afrika lilipokea maonesho makubwa ya sanaa za Waswahili, yenye vitu vilivyoazimwa kutoka Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kitu kinapoazimwa hivyo, hali yake huandikwa kabla ya safari na baada yake, mwanga na unyevu hupimwa kila siku. Kisha hurudi nyumbani. Ni nani hukipimia unyevu huko?

Wala tusiutegemee mfuko wa Washington. Tarehe 14 Machi 2025 Rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kuipunguza taasisi ile ya makumbusho na maktaba hadi kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa na sheria. Ripoti ya siku mbili haikuhitaji dola nyingi. Mhandisi wa halmashauri anayejua chokaa na boriti, na mkutubi mmoja aliyefunzwa, wanaweza kuingia katika nyumba yoyote ya miswada kuanzia Pate hadi Kilwa kabla ya masika, wakatazama dari, mifereji ya maji na nyuma ya rafu, wakaandika walichokiona.