Mkataba wa upangaji wa nyumba: haki zilizopo hata zisipoandikwa

Sehemu kubwa ya upangaji wa nyumba za kuishi katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, hufanyika kwa maneno. Mwalimu au muuguzi aliyepangiwa kituo kipya katika kata kama Nambis huoneshwa chumba, hulipa kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo na kukabidhiwa ufunguo. Wengi huamini kuwa kwa kuwa hakuna karatasi, hakuna mkataba. Dhana hiyo si sahihi.

Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inatambua upangaji usiozidi mwaka mmoja hata kama umefanywa kwa mdomo. Pale ambapo muda haukutajwa, kipindi cha kulipa kodi ndicho kinachohesabiwa: anayelipa kwa mwezi ni mpangaji wa mwezi hadi mwezi, na upande unaotaka kusitisha hutoa taarifa ya kipindi hicho hicho. Kuambiwa jioni kuwa chumba kinatakiwa kesho asubuhi si taarifa.

Kiwango cha kodi ni suala la makubaliano, kwa kuwa Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Hata hivyo, uhuru huo wa bei haumwondolei mwenye nyumba wajibu wake. Anatakiwa kumwacha mpangaji aishi kwa utulivu na kuhakikisha nyumba inafaa kwa makazi ya binadamu. Pale anapopangisha sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu na mifereji ni juu yake. Kumkatia umeme mpangaji ambaye mkataba wake haujaisha ili ahame mwenyewe ni kuvunja wajibu huo. Mpangaji naye hulipa kodi kwa wakati na kurejesha nyumba katika hali aliyoikuta, isipokuwa uchakavu wa kawaida.

Kipengele kisichofahamika sana kinahusu maafa. Desemba 3, 2023, maporomoko ya tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang yaliukumba mji wa Katesh na vijiji jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha na nyumba nyingi ziliharibiwa. Sheria inaeleza kuwa nyumba ikiharibiwa na moto, mafuriko au ajali nyingine isiyotokana na uzembe wa mpangaji, na ikawa haikaliki, kodi husimama hadi itakapotengenezwa. Ikiharibika sehemu tu, kodi hupungua kwa kiasi kinachostahili. Miezi sita ikipita bila matengenezo, mpangaji anaweza kusitisha upangaji kwa taarifa ya maandishi ya mwezi mmoja.

Ugumu huja katika ushahidi. Mpangaji aliyetanguliza kodi ya miezi sita taslimu, bila stakabadhi, ana haki lakini atapata shida kuithibitisha. Ukurasa mmoja unatosha: majina, chumba kinachopangishwa, kodi na miezi iliyolipiwa, tarehe ya kuanza na kuisha, nani analipia maji na LUKU, hali ya milango, vioo na vitasa siku ya kuingia, kisha saini za pande zote na mashahidi. Malipo kwa simu huacha kumbukumbu. Ya fedha mkononi yaandikiwe stakabadhi. Mkataba ulipiwe pia ushuru wa stempu kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), kwani usiolipiwa haupokelewi kama ushahidi mpaka ushuru na adhabu vilipwe.

Mgogoro ukitokea, hatua ya kwanza ni Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, baraza hilo husuluhisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa hutoa hati ya kuthibitisha hivyo, na siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaweza kufungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.