Kuhama, kuhamia, kulowea: Nasaba iliyojificha katika jina Donholm

Ukimuuliza kijana wa Donholm Phase Five maana ya jina la mtaa wake, aghalabu atakwambia, "Aa, hilo ni jina tu." Lakini hakuna jina ambalo ni jina tu.

Kabla ya nyumba kujaa pale, palikuwa na shamba la ng'ombe wa maziwa la Mskoti James Kerr Watson, likiitwa Doonholm. Jina hilo lilivuka bahari. Kule Ayrshire, Uskoti, karibu na Mto Doon, kuna Doonholm ambako babake mshairi Robert Burns alikuwa mtunza bustani katika karne ya 18. 'Holm' ni ardhi tambarare kandokando ya mto. Hata Jogoo Road yetu iliitwa Doonholm Road enzi za ukoloni. Njiani, 'o' moja ikadondoka. Basi anayesaka nyaraka za kale kwa tahajia ya leo huenda akatoka mikono mitupu.

Kiswahili chenyewe kinatuonyesha pa kutafuta. Kitenzi 'hama' hutazama mtu alikotoka. 'Hamia', kwa kauli ya kutendea, hutazama alikofika. 'Lowea' ni kukaa mahali mpaka pakawa kwako. Ndiko tunakopata 'mlowezi'. Kila kitenzi kina kabati lake. Katika kuhama mna vitabu vya ubatizo na orodha za abiria wa meli. Katika kuhamia mna gazeti rasmi la serikali, lililoanza kuchapishwa 1899. Katika kulowea mna hati za ardhi, notisi za mirathi na mawe ya makaburi. Nyaraka nyingi za serikali ya kikoloni zimo katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue.

Si Waskoti pekee waliohamia. Kati ya 1896 na 1901, wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kujenga reli. Takriban 2,500 walifariki na kama 6,700 wakabaki. Vitukuu wao wanajua kuwa jina moja laweza kuwa na tahajia tatu, kutegemea karani alisikiaje.

Na je, Mwafrika aliyeajiriwa katika mashamba ya aina hiyo? Huyo hatumwiti mhamiaji, eti kwa sababu hakupanda meli. Lakini naye aliacha kwao. Sheria ya 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu mwanamume Mwafrika kubeba kipande chenye jina lake, alama za vidole na jina la mwajiri. Kilitengenezwa ili kumbana asitoroke kazini. Leo, ajabu ya mambo, familia iliyobahatika kukihifadhi inaweza kumfuata babu kupitia jina la bwana wake.

Mlowezi aliacha jina lake kwenye ramani; mkamuaji aliacha lake vinywani mwa wajukuu. Karatasi inaweza kungoja kabatini miaka 100. Mzee hangoji. Hebu mwulize nyanyako wiki hii: babu alitoka wapi, alimfanyia nani kazi, na aliitwaje huko? Andika kila jina jinsi anavyolitamka, usilisahihishe. Huenda tahajia unayoiona kuwa kosa ndiyo iliyoandikwa na karani.