"Gesi Imeisha": Kipozeo cha AC na Kitenzi Chake

Katika gereji nyingi za Shinyanga mjini, Kahama na Katoro, AC ya gari ina ugonjwa mmoja tu: gesi imeisha. Fundi anafungua boneti, anatoa kile kifuniko chenye herufi L, anabonyeza pini ya valvu kwa ncha ya bisibisi, anasikia mpumuo hafifu, na hukumu inatoka hapohapo. "Bosi, gesi imeisha. Tujaze?" Bosi anajaziwa, upepo unatoka wa baridi, anaondoka kafunga vioo. Kiangazi kinachofuata anarudi na ugonjwa uleule, anapewa jibu lilelile.

Kitu hicho kwa lugha ya kitabuni naona kinafaa kuitwa kipozeo. Neno limeundwa kwa njia ya kawaida: poa, poza, pozea, kipozeo, kama futa ilivyozaa kifutio. Ni kitu cha kupozea, basi. Si neno la gerejini. Ukimwambia fundi kwamba kipozeo kimepungua, atakutazama kidogo, kisha atakuuliza kama unataka kujaza gesi.

Kwenye magari mengi yanayopita barabara za huku, kuanzia Noah na Probox za michomoko ya abiria hadi Land Cruiser mkonga za migodini, kipozeo hicho ni R-134a. Sifa yake kubwa ni kuchemka mapema: katika mgandamizo wa kawaida wa hewa huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Kompresa inakibana kikiwa gesi, kinapata moto na kusukumwa mbele ya gari, kwenye kondensa, ambayo mafundi huiita redieta ya AC. Hapo kinapulizwa na upepo, kinatoa joto na kugeuka kiowevu. Kinapita kwenye draya inayonyonya unyevu, kisha kwenye tundu jembamba la ekspansheni valvu. Kikishatoka upande wa pili mgandamizo unashuka ghafla, nacho kinachemka ndani ya evaporeta, ile kulingi koili iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Joto la kuchemkia kinalitoa kwenye hewa ya ndani ya gari. Kisha kinarudi kwenye kompresa kikiwa gesi tena.

Kwa hiyo nusu ya safari kitu hiki si gesi hata kidogo, ni kiowevu. Na kazi yake ni ya kubeba. Kipozeo ni kama kijana wa machimboni anayetoa viroba vya mawe duarani, yaani shimoni, kuvipeleka karasha, kwenye mashine ya kusagia: anapakia ndani, anashusha nje, anarudi mtupu kupakia tena. Kinachotoka ni mzigo, yaani joto. Mbebaji habaki karasha.

Sasa tazama maneno yenyewe yalifika kwenye gari yakiwa yametokea wapi. Gesi ambayo kila nyumba inaijua ni ile ya mtungi wa jikoni. Inaungua, inapika maharage, siku moja inaisha katikati ya mapishi. Kwenye ukanda wa dhahabu, kompresa nayo ina maana yake ya zamani zaidi ya AC: ni lile dude linaloachwa juu ya duara likinguruma, likisukuma upepo kwenye mpira hadi kwenye mashine ya kutobolea mwamba. Bulowa nayo ni ya kupeleka hewa kwa waliomo chini. Vyote hivyo hutoa kitu kikaenda moja kwa moja, na hakuna anayeulizia upepo uliokwisha kupita. Mtu aliyejifunza maneno haya machimboni Nyarugusu au Rwamgasa akiyakuta chini ya boneti, ana haki ya kudhani AC nayo inakula gesi kama injini inavyokula petroli.

Haili. Mzunguko wa AC umefungwa. Kilichomo kikipungua, kimetokea mahali.

Ndiyo maana sigombani na neno gesi. Limeshakita, kila mtu anaelewana nalo, na wachimbaji wenyewe wametufundisha kwamba lugha ya kazi hujengwa na wanaofanya kazi: duara, karasha, marudio (mchanga uliokwisha kuchenjuliwa), hakuna baraza lililoketi kuyapitisha kabla hayajatumika. Kasoro ninayoiona iko kwenye kitenzi. "Imeisha" inamtuma fundi kwenye mtungi wa kujazia. "Imevuja" inamtuma kwenye tundu. Fundi ni yuleyule na gari ni lilelile, lakini kazi mbili hizi hazifanani hata kwa bei.

Haki itendeke, lakini. AC ya gari haijafungwa kama friji ya nyumbani. Friji ina kompresa na mota yake ndani ya kopo moja lililochomelewa, na mabomba yake ni ya metali mwanzo hadi mwisho. Kompresa ya gari huzungushwa na mkanda wa injini, hivyo ekseli yake hutokeza nje kupitia sili, na mabomba yake mengine ni ya mpira kwa sababu injini inatikisika. Hapo kipozeo hupenya kidogokidogo kwa miaka. Gari lililokaa miaka mingi bila kuguswa, ukisema gesi imepungua umesema kweli. Lililojazwa mwaka jana, hapana.

Na kwa mwenye gari anayetaka kuanzia nyumbani, vumbi la Shinyanga linasaidia. Ndani ya kipozeo husafiri mafuta ya kulainishia kompresa. Panapovuja, mafuta nayo hutoka, vumbi linanata. Fuata bomba la alumini kwa tochi: sehemu nzima ina vumbi jekundu, kavu, linalofutika kwa kidole. Halafu unafika kwenye nati ya maungio karibu na kompresa na kuona mduara mweusi, umelowa, unateleza. Paka povu la sabuni ya kuoshea vyombo. Likitoa mapovu madogo yasiyokatika, hapo pana oringi iliyokufa. Pengine pa kutazama sana ni kondensa, kwa kuwa iko mbele kabisa na kila kokoto la barabara ya vumbi linaanza nayo.

Mengine ya nyumbani ni mepesi. Osha kondensa kwa maji yasiyo na presha kubwa ili mapezi yasilale. Badilisha filta ya hewa ya ndani. Angalia fyuzi, na angalia kama klachi ya kompresa inabana ukiwasha AC. Maji yanayodondoka chini ya gari usiyaogope. Ni unyevu wa hewa uliogeuka maji kwenye koili ukamwagika. Ila kufungua mabomba usijaribu. Kipozeo kikikurukia kwenye jicho au ngozi huchoma kwa baridi.

Tundu likishazibwa, fundi hupiga vakyumu, yaani hutoa hewa na unyevu wote kabla ya kujaza. Maji yakibaki humo huganda kwenye ekspansheni valvu au hutengeneza asidi inayokula chuma. Hapa kuna jambo ambalo maelekezo ya pwani hayalisemi. Geji ya vakyumu usawa wa bahari inaweza kukaribia inchi 30 za zebaki. Shinyanga iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na geji hiyohiyo haitapita inchi 26 hivi hata pampu ikiwa mpya. Anayesubiri 29 atasubiri hadi jioni, kisha atalaumu pampu.

Kisha kujaza. Chini ya boneti kuna kibandiko kinachotaja uzito, na magari mengi madogo huwa kati ya gramu 400 na 600. Kijapani huwezi kukisoma, lakini tarakimu unazisoma. Kipozeo kikizidi, mgandamizo unapanda na baridi inapungua. Nashangaa mji wa Geita, ambako dhahabu hupimwa hadi sehemu ya gramu na hakuna anayekubali kukadiriwa, bado unajaziwa AC kwa kushika bomba na kuona kama limepoa.

Jina moja la gesi linaficha hatari nyingine, nayo ni kwamba humeza gesi yoyote. Wapo wanaojaribu gesi ya kupikia kwa kuwa kweli inapoza. Lakini kulingi koili iko ndani ya gari, pamoja na abiria, na ikivuja humo kinachosubiriwa ni cheche. Vipozeo bandia navyo vimeua: mwaka 2011 makontena ya baridi yaliyokuwa yamejazwa kemikali isiyo yake yalilipuka, kwa sababu kemikali hiyo hupambana na alumini.

Kuna pia hesabu ya anga. R-12 iliyotangulia ilitoboa tabaka la ozoni, ikawekewa kikomo na Itifaki ya Montreal ya 1987. R-134a haigusi ozoni, ila kilo moja ikiachiwa hewani hunasa joto zaidi ya mara elfu moja ya kilo moja ya kaboni dayoksaidi. Uamuzi wa kuipunguza ulipitishwa Kigali mwaka 2016, mji ulio karibu na Geita kuliko Dar es Salaam. Kila "tujaze tu" ya kila kiangazi imeishia hewani.

Kipozeo basi kibaki kwenye vitabu vya vyuo vya ufundi, ambako mwanafunzi atahitaji neno lisilomlazimisha kukiita gesi kitu anachokiona kikipita kama kiowevu. Gerejini tuseme gesi. Kwenye risiti, fundi aandike mambo mawili: imewekwa gramu ngapi, na ilikuwa inavujia wapi.