Kipimaumbali na Picha za Eastlands

Historia ya kamera ndogo za filamu kwa kawaida huandikwa kama ushindani wa viwanda viwili vya Ujerumani, Leitz na Zeiss Ikon, na ni nadra kuulizwa ushindani huo ulikuwa na uzito gani kwa watu waliopigwa picha mbali na Ujerumani, wakiwemo wakazi wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi. Swali hilo lina haki ya kuulizwa, kwa kuwa mitaa hiyo ilikua katika miongo ile ile ambamo kamera hizo zilikuwa zikigombea nafasi: Pumwani ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, Shauri Moyo ukafuata mwaka 1938, Ziwani na Kaloleni ikajengwa katika miaka ya 1940, kisha ikaja zamu ya Bahati, Mbotela na Ofafa.

Kamera aliyoibuni Oskar Barnack katika kiwanda cha Leitz, mjini Wetzlar, ilionyeshwa hadharani kwenye maonyesho ya Leipzig mwaka 1925 kwa jina la Leica. Ilitumia filamu ya sinema yenye upana wa milimita 35, ikatoa picha 36 kwa mkanda mmoja, na ikaenea katika mfuko wa koti, ilhali kamera za studio zilihitaji kusimamishwa juu ya miguu mitatu. Upungufu wake ulikuwa katika umbali, ambao mpiga picha alilazimika kuukadiria kwa macho. Mwaka 1932 Leica II ikaja na kipimaumbali kilichofungamana na lenzi, yaani kifaa kinachomwonyesha mpiga picha taswira mbili za kitu kimoja, naye huizungusha lenzi mpaka taswira hizo zilaliane, ndipo ajue kwamba picha itatoka bila ukungu.

Mwaka huo huo Zeiss Ikon ya Dresden ilitoa Contax, kamera iliyoundwa kwa nia ya wazi ya kuiondoa Leica kileleni. Shata yake, yaani kilango kinachoruhusu mwanga uifikie filamu, ilikuwa ya chuma na ilifikia kasi ya sehemu moja ya 1,000 ya sekunde, mara mbili ya kasi ya mpinzani wake, na lenzi zake zilibadilishwa kwa mzunguko mfupi badala ya kukazwa kama parafujo. Hatua kubwa zaidi ilikuja mwaka 1936, pale Contax II ilipounganisha kidirisha cha kupimia umbali na kile cha kupangia picha. Mwenye Leica alihamisha jicho kutoka tundu moja hadi jingine, na katika kuhamisha huko uso aliokusudia kuupiga huenda ulikuwa umekwisha geuka. Kwa sifa hizi Contax ilistahili kushinda, lakini mitambo yake ilikuwa tata na migumu kutengenezwa, kisha Vita vya Pili vya Dunia vikaiharibu Dresden, na mashine za kuiundia zikachukuliwa na Wasovieti hadi Kyiv kama fidia.

Leica ilijibu kwa kuchukua kile ilichokikosa. Leica M3, iliyozinduliwa Köln mwezi wa Aprili 1954, ilikuwa na kidirisha kimoja na lenzi za kuzungushwa. Tarehe 24 ya mwezi huo huo, askari wa kikoloni waliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, msako dhidi ya Mau Mau, wakapekua Eastlands nyumba kwa nyumba, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapelekwa katika kambi za kizuizini za Langata, Manyani na Mackinnon Road. Picha nyingi za msako huo zinazojulikana leo zimepigwa kutoka upande wa wenye bunduki, na zinaonyesha watu walioketishwa chini, bila majina. Sifa kuu ya kamera ya kipimaumbali ilikuwa kumwezesha mpiga picha kumkaribia mtu kimya kimya, lakini katika Nairobi ya mwaka ule, ruhusa ya kusimama mahali fulani ilikuwa na nguvu kuliko lenzi yoyote.

Kwa sababu hiyo wapiga picha waliozaliwa Nairobi wanapaswa kupewa nafasi kubwa katika historia hii kuliko chapa za kamera. Priya Ramrakha, aliyezaliwa mwaka 1935 katika jamaa iliyochapisha gazeti la Colonial Times, alipiga picha za safari ya kuelekea uhuru kabla ya kuuawa akiwa kazini katika vita vya Biafra mwaka 1968. Mohamed Amin, aliyezaliwa Eastleigh mwaka 1943, alianza na Box Brownie iliyokwisha tumika, kijisanduku kisicho na kipimaumbali kabisa, na mwaka 1963 akaanzisha kampuni yake ya picha, Camerapix.

Mshindani aliyeishinda Leica hatimaye alitoka Japani. Nikon ya mwaka 1948 iliazima kishikio cha lenzi kutoka Contax na aina ya shata kutoka Leica, lakini mwaka 1959 kampuni hiyo ilitoa Nikon F, kamera ya kioo, ambayo kioo kilicho nyuma ya lenzi humwonyesha mpiga picha kile kile kitakachoingia katika filamu. Kamera za aina hiyo zilipopungua bei, na maabara za kuosha picha za rangi zilipoenea katika miaka ya 1980, kazi ilitoka mikononi mwa wenye studio ikawafikia vijana waliozunguka mitaani na kamera begani. Walipiga picha za ubatizo na harusi, wakapeleka filamu mjini ikaoshwe, kisha wakarudi mlangoni kwa mteja na picha ili wamaliziwe malipo. Ni hao, pengine kuliko mwandishi yeyote wa habari, waliowaonyesha wakazi wa Eastlands jinsi walivyotaka wenyewe kuonekana: wima, wamevaa vizuri, wakitazama kamera. Vipande vya filamu vya kazi hiyo vina fremu za milimita 24 kwa 36, kipimo kile kile alichokichagua Barnack, nacho hakikubadilishwa na Contax, Nikon F wala kamera za bei nafuu za mitaani.