Mnyororo Uliokanyagwa Kando ya Mto Red

Ndugu yangu msomaji, usidhani kila ramani ni picha ya ardhi ilivyo. Kuna ramani huchorwa kwanza, kisha ardhi na watu wake wakalazimishwa kuifuata. Twende Kanada, mwaka 1869.

Bonde la Mto Red ni uwanda wa nyasi, umelala sawa kama mkeka. Humo waliishi Métis, kizazi cha wanawake wenyeji na wanaume wa Kizungu waliokuja kwa biashara ya manyoya. Ardhi yao waliigawa kwa kuufuata mto. Kila familia ilikuwa na kipande chembamba kinachoanzia ukingoni na kurudi nyuma kama maili 2, na nyuma yake maili 2 nyingine za kukata majani ya mifugo. Zingatia hekima iliyomo: kila mtu ana maji, ana kuni, ana udongo mzuri, na jirani yuko karibu. Wengi hawakuwa na hati, lakini mipaka waliijua.

Kisha Kampuni ya Hudson's Bay ikakubali kuiachia Kanada nchi ile kwa pauni 300,000. Wenyeji hawakuulizwa. Hata kabla ya makabidhiano, wapima ardhi walishatumwa, chini ya Kanali John Stoughton Dennis, walikate bonde kwa miraba, mto upite utakapopita.

Tarehe 11 Oktoba mnyororo wa kupimia ulifika kwenye malisho ya André Nault. Nault alizungumza Kifaransa, wapimaji Kiingereza. (Unapimiwa shamba lako kwa lugha usiyoielewa!) Akamwita binamu yake Louis Riel, kijana wa miaka 24 aliyesoma Montreal. Riel akaja na wenzake, wakaukanyaga mnyororo. Hakuna risasi iliyolia. Wapimaji wakaondoka.

Mwaka 1870 Sheria ya Manitoba ikawaahidi watoto wa Métis ekari milioni 1.4. Ugawaji ukacheleweshwa mwaka baada ya mwaka, na wengi wakahamia magharibi, Mto Saskatchewan Kusini. Huko nako miraba ikawakuta. Vita vikazuka 1885, na Riel akanyongwa Regina tarehe 16 Novemba. Ilipofika 2013 ndipo Mahakama ya Juu ya Kanada ilipotamka kwamba serikali haikuitekeleza kwa bidii ahadi ile.

Fungua leo picha za setilaiti, kusini mwa Winnipeg. Vile vipande vyembamba utaviona, bado vimeuelekea mto, na miraba inaanzia nyuma yake.